Neno la Chini

Alhamisi ile jarida lilifika saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshalificha mara tatu. Kwanza nililisukuma nyuma ya pipa la mchele, nikaona panya watalila na nitaulizwa. Nikalitia kwenye droo ya cherehani, nikakumbuka kwamba Mama huingiza mkono humo kila akitaka sindano. Mwisho nikaliweka chini ya daftari la kumbukumbu za mikutano ya Chama cha Wake wa Watumishi wa Serikali, daftari ambalo hakuna binadamu aliyewahi kulifungua kwa hiari yake, nikarudi jikoni kumenya vitunguu.

Mama ni mama mkwe wangu. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na hataki kusikia habari ya kisu cha daktari. Kwa hiyo kwa miaka sita mimi ndiye nimekuwa macho yake. Kila Alhamisi jioni, watu wakishaoga, chai ikishamiminwa, namsomea hadithi ya ukurasa wa kumi na tisa, tangu kichwa chake hadi nukta ya mwisho. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume ananiruhusu kuyaruka. Hadithi hapana.

Na hadithi ya wiki ile ilikuwa yangu.

Nyumbani hakuna aliyejua. Jina lililoandikwa lilikuwa W. Prabaswara, na wote waliosoma jarida lile walimchukulia kuwa mwanamume, mhariri wa kwanza. Barua zake kutoka mji wa Surabaya, jarida linakochapwa, alizianza kwa "Ndugu Prabaswara mheshimiwa," akazituma kwa anwani ya Ngatinah, fundi wa nguo wa mtaa wa nyuma, ambaye alinipa zikiwa zimefungwa ndani ya vipande vya kitambaa. Hadithi zenyewe nilizipiga chapa kwenye ofisi ya shule ya mume wangu, kwa mashine ya chama, siku za kupiga chapa kumbukumbu za mikutano. Mimi ndiye katibu. Kwenye kumbukumbu hizo nimeandikwa Mama Hargono, kwa jina la mume wangu, kama tulivyoandikwa wote. Ukizisoma zote tangu mwanzo hutajua kama jina langu ni Wuryani.

Hadithi nane zilizotangulia zilipita salama. Mama alizipenda, na nilipokuwa nikizisoma nilikuwa napunguza sauti kwenye sentensi nzuri nisije nikaonekana najisifu. Ya tisa ndiyo ilikuwa na balaa ndani yake, na balaa lenyewe lilikuwa neno moja.

Lugha yetu Kijava haina "wewe" moja. Kuna kowe, la chini, la kumwambia mtoto, mdogo wako, rafiki mliyekua pamoja, mbuzi. Kuna panjenengan, la juu, la mzazi, la mwalimu, la mgeni, la mume. Mume humwambia mkewe kowe, mke humjibu panjenengan, na hivyo hivyo mpaka mmoja wao azikwe. Huwezi kuomba chumvi kwa Kijava bila kutangaza nani yuko juu na nani yuko chini. Watu husema huo ndio uzuri wa lugha yetu. Mimi nina miaka thelathini na minne na uzuri huo umenichosha.

Katika hadithi yangu kuna mke wa mkaguzi wa shule. Miaka ishirini amemjibu mumewe inggih, ile ndiyo yetu ya heshima, hata alipokuwa na homa, hata alipokuwa akijifungua. Siku moja mumewe anamletea karatasi. Imeandikwa kwamba yeye, mke mkubwa, anakubali kwa moyo mweupe mumewe aongeze mke. Tangu kanuni mpya ya serikali ya mwaka jana, mtumishi hawezi kuoa wa pili bila karatasi kama hiyo, na sidhani kama kuna mwanamke kwenye chama chetu ambaye hajaiota. Mumewe anampa na kalamu. Mke anaitazama karatasi, anairudisha upande wa pili wa meza, anasema, "Tia sahihi kowe mwenyewe."

Basi. Hapigi kelele, hapasui sahani. Neno moja tu, la chini, kwa mtu aliyemwita kwa la juu miaka ishirini.

Mhariri aliandika kuniomba nilibadilishe. Alisema wasomaji wake ni watu wa heshima, na mke wa mkaguzi kumwambia mumewe kowe ni jambo la kutia kichefuchefu. Prabaswara alimjibu siku hiyo hiyo kwamba ama hadithi itoke na neno lake, ama irudishwe. Prabaswara ni jasiri sana. Lakini yeye hakai kwenye nyumba hii.

Na hilo neno, kusema kweli, halikuwa ndilo lililonitoa jasho zaidi. Kilichonitoa jasho ni kwamba hadithi ile nilimwibia Mama. Mwaka juzi, msimu wa mvua, alikuwa na homa na mimi nilikuwa nikimkanda miguu. Akanisimulia, bila kuulizwa, siku ambayo marehemu baba mkwe, mwalimu mkuu aliyeheshimiwa mji mzima wa Solo, alimletea karatasi kama ile, mwaka hamsini na sita. Wakati huo serikali haikudai kitu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwepo ili watu wasiseme. Mama akaona gilasi ya kahawa imeacha duara la maji mezani, akalifuta kwanza kwa ncha ya batiki aliyovaa ili karatasi isilowe, kisha akatia sahihi. Alinisimulia akamaliza, akalala. Hakuwahi kuirudia tena.

Lile duara la kahawa nililiweka kwenye hadithi. Nilijua sipaswi. Lakini nionyesheni mwandishi anayeweza kupewa kitu kama kile akakiacha. Nilibadilisha mji, nikabadilisha kazi ya mume, nikambadilisha mke akakataa kutia sahihi. Duara nikaliacha vile vile, kwa sababu ya tamaa tu.

Mpango wangu wa Alhamisi ulikuwa mwepesi. Ningesema jarida halijafika. Posta ni posta, hakuna ambaye angeshangaa.

Saa tisa na nusu nikasikia kengele ya baiskeli getini. Alikuwa wifi yangu Sumiyati, dada mkubwa wa mume wangu, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke ambaye hata salamu huitoa kana kwamba anaita mahudhurio. Kwenye kikapu cha baiskeli kulikuwa na ndizi za kukaanga. Juu ya ndizi kulikuwa na jarida.

"Wifi, umeshaiona ya wiki hii?" alisema kabla hajavua viatu. "Ya Prabaswara. Leo ametuletea moto."

"Letu halijafika," nikasema.

"Ndiyo nikaja na langu. Nilijua tu, hii posta ya kwenu inatembea kwa magoti." Akanitazama. "Mbona umepauka hivyo? Una mimba?"

"Vitunguu, wifi."

"Vitunguu vinatoa machozi, havipaushi watu. Haya, niletee sahani. Mama ameoga?"

Mama alikuwa ameoga, amekaa kwenye kiti chake cha ukindu na upepeo mkononi, uso ameuelekeza mlangoni. Juu yake ukutani palikuwa na picha ya marehemu akiwa na kofia na miwani. Nikamimina chai. Nilimwomba Mungu mambo matatu kwa mkupuo mmoja: mvua kubwa, mgeni asiyetarajiwa, au Sumiyati aseme atasoma yeye.

"Mama, leo nisome mimi?" Sumiyati akauliza. Nikaona dua imepokelewa.

"Ukisoma wewe naona kama nitapewa adhabu," Mama akasema. "Asome Wuryani. Sauti yake haigombani na mtu."

Hapo ndipo mume wangu alipoingiza pikipiki uani. Kwa kawaida Hargono haketi kwenye usomaji wetu. Husema hadithi ni mambo ya wanawake na watu waliostaafu, huchukua chai yake akaenda kuangalia ndege wake. Lakini wiki zile alikuwa akikaimu ukuu wa shule na akingoja barua ya kuteuliwa mwalimu mkuu, nafasi aliyoishika babake, na kungoja kulikuwa kumemfanya ashindwe kukaa peke yake. Akavuta kiti, akachukua ndizi.

"Leo kuna nini? Dada amefunga safari mpaka huku."

"Kuna hadithi ya mwanamume mwenzako," Sumiyati akasema. "Kaa usikie, labda utajifunza kitu."

"Nimefundishwa kutwa nzima na walimu wanaochelewa. Haya, Wur, soma basi."

Hargono si mtu mbaya. Naomba niliseme hilo mapema, maana mambo yaliyofuata yanaweza kumfanya aonekane vingine. Hajawahi kunipiga, hajawahi kuleta karatasi yoyote. Ni mtu mwenye woga tu, kama mimi, na sisi wenye woga tukikabwa ndio tunaouma vibaya zaidi.

Nikaanza. Safu ya kwanza nilisoma kama mtu anayesoma orodha ya dawa. Mkaguzi anaondoka asubuhi, mke anampangusia viatu, mkaguzi anarudi, mke anasema inggih. Sumiyati aliguna kila penye inggih. Nilikuwa nikihesabu mistari. Nilijua duara la kahawa liko katikati ya safu ya pili, na neno liko kwenye safu ya tatu, mstari wa saba kutoka juu. Nilifikiria kuliruka duara. Lakini Sumiyati alikuwa ameshaisoma, na ana kumbukumbu ya kukumbuka nani alikuwa na deni la daftari miaka kumi iliyopita.

Nikalisoma. "Kabla ya kushika kalamu, mke aliona duara la maji chini ya gilasi ya mumewe. Akalifuta kwa ncha ya batiki yake, karatasi isije ikalowa."

Upepeo wa Mama ukasimama.

Sikuinua macho. Nilijua umesimama kwa sababu shingoni mwangu hewa ilikuwa ikipita na sasa haikupita tena. Nikaendelea kusoma haraka haraka, maneno yakipandana, nikijiambia kwamba kila nyumba ina gilasi na kila gilasi inaacha duara, hakuna mtu anayemiliki duara.

Safu ya tatu. Mstari wa kwanza, wa pili. Mke anairudisha karatasi. Nikaliona neno linakuja, herufi nne, nilizopigania kwa barua yenye muhuri wa posta. Nikafungua mdomo.

"Tia sahihi panjenengan mwenyewe," nikasoma.

"Sivyo," Sumiyati akasema papo hapo. "Wifi, umekosea. Hapo pameandikwa kowe."

"Eh?"

"Kowe. Ndiyo raha yenyewe ya hadithi. Lete hapa." Akaninyang'anya jarida, akalisogeza karibu na pua. "Hili hapa. 'Tia sahihi kowe mwenyewe.' Mimi nililipigia kelele mpaka jirani akauliza kuna nini."

"Ni kosa la kiwanda cha uchapaji," Hargono akasema. "Hawa wapiga chapa siku hizi hawajui hata kusoma."

"Kosa gani? Mwanamke amechoka, amemshusha. Ndiyo maana yake."

"Mke wa mkaguzi, Dada? Kowe kwa mumewe? Hata muuza mkaa hasemi hivyo."

"Wewe umeingia nyumbani kwa wauza mkaa wangapi?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Siyo kwa walichokuwa wakisema. Niliona aibu kwamba mtu aliyeandika lile neno alikuwa amekaa pale, amepewa nafasi ya kulisema kwa mdomo wake, na amelimeza. Ulimi ulijipandia juu wenyewe bila kuniuliza, kwa sababu ya mazoea ya miaka thelathini.

"Wuryani," Mama akasema. "Limeandikwaje?"

"Kowe, Mama."

"Basi lisome lilivyoandikwa."

Sumiyati akanirudishia jarida. Nikalisoma. Lilitoka kwa sauti ndogo, lakini lilitoka.

Hargono akaweka gilasi chini. "Sasa hii ndiyo inaingia majumbani kwa watu," akasema. "Wake za walimu wangu wanasoma hii. Kesho mtu wa idara akiniuliza, Hargono, nyumbani kwako mnasoma nini, nimjibu nini? Huyu Prabaswara ni nani? Hana adabu. Mtu huyu hana hata mama aliyemlea."

"Ana mama mkwe," Mama akasema.

Alisema taratibu, kama mtu anayesema kuna sukari kwenye kopo. Sumiyati akacheka kidogo kisha akaacha.

"Mama unamjua?" Hargono akauliza.

"Ananikanda miguu kila Jumanne."

Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Nilimwona akiipiga ile hesabu, taratibu, uso wake ukigeuka kutoka kwa Mama kuja kwangu. Mikono yangu ilikuwa imelikunja jarida likawa bomba.

"Kowe?" akaniuliza. Ni wewe?

Ningeweza kukana. Ningeweza kusema Mama homa imemrudia. Badala yake nikasema, "Inggih," na sijui kama aliisikia, maana hata mimi sikuisikia vizuri.

Sumiyati alikuwa amekaa na ndizi nusu mdomoni. "Wifi," akasema. "Zote? Hata ile ya mjane na nguruwe pori?"

"Nyamaza, Dada," Hargono akasema. Alikuwa amesimama. "Miaka mingapi?"

"Minne."

"Wapi? Kwa mashine gani?"

"Ya chama."

Akashika kichwa. "Ya chama. Ofisini kwangu. Mashine ya serikali." Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. "Wur, unajua barua yangu iko mezani kwa nani sasa hivi? Unajua wanaulizia nini kwanza? Wanaulizia mke. Wanauliza mke wake anashiriki chama, mke wake ana mwenendo gani. Na mwanamke kwenye hii hadithi, watu watasema ni nani? Watasema ni wewe. Watasema nimekuletea karatasi."

"Si mimi," nikasema.

"Ni nani basi?"

Upepeo wa Mama ulikuwa umelala mapajani mwake. Hargono hakujua habari ya sahihi ile, wala Sumiyati, na mwanamke aliyekuwa kwenye hadithi alikuwa amekaa chini ya picha ya baba yao.

"Nilikwambia jambo lile nikiwa na homa," Mama akaniambia. Alisema kwa sauti ya chini, lakini walisikia wote. "Sikukwambia ili lisomwe Surabaya."

"Nisamehe, Mama."

"Sijamaliza. Umelichukua, basi, limeshachukuliwa. Lakini umelikosea. Kuna mahali umelikosea vibaya."

Nilijua mahali penyewe. Alitia sahihi, na mimi nilimfanya shujaa, kwa hiyo kila atakayesoma ataona alichopaswa kufanya na hakukifanya. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemwibia, kisha nikamcheka.

"Jambo gani?" Hargono akauliza. "Mama, unazungumza nini?" Alipoona hajibiwi akaingia chumbani. Tukamsikia akifungua droo. Sumiyati alinitazama, akamtazama Mama, akaitazama picha ukutani, na nikaona naye anaanza kupiga hesabu.

Hargono akarudi na karatasi nyeupe na kalamu yake ya wino, ile ya kutilia sahihi vyeti. Akaviweka mbele yangu, akasogeza gilasi.

"Andika kwa mhariri," akasema. "Sasa hivi. Kwamba Prabaswara ameacha kuandika, na haruhusu kazi yake yoyote ichapwe tena. Sitaki ugomvi, Wur. Andika tu, utie sahihi, nitaipeleka posta mwenyewe, na hakuna mtu nje ya chumba hiki atakayejua. Nakusaidia."

Na mimi nikashika kalamu.

Nasema ukweli, kwa sababu nimeshadanganya vya kutosha katika maisha ya Prabaswara. Nilishika kalamu, nikaandika tarehe, nikaandika "Ndugu Mhariri mheshimiwa." Nilikuwa nikifikiria kwamba labda baada ya miaka michache, akishateuliwa, akishatulia, nitaanza tena kwa jina lingine. Nilijua kabisa kwamba sitaanza. Nikaandika sentensi ile, neno kwa neno, alivyoitamka. Nilihisi kama ninamzika mtu, na mtu mwenyewe ndiye pekee aliyekuwa na jina nililolichagua mimi.

"Mnaandika nini?" Mama akauliza.

"Barua, Mama," Hargono akasema. "Jambo dogo. Anaacha kuandika. Imeshaisha, imebaki sahihi tu."

Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akapapasa mpaka akaigusa ile karatasi. Akaivuta kutoka chini ya mkono wangu, taratibu, bila kuikunja, akaisukuma upande wa mwanawe.

"Panjenengan mwenyewe ndiye utie sahihi," akamwambia.

Sumiyati alishusha pumzi kwa kelele. Hargono hakusogea.

Mama humwita mwanawe kowe. Alimwita hivyo siku alipozaliwa, na siku alipooa, na asubuhi ile ile alipomwambia afunge kifungo cha shati. Mama yeyote hufanya hivyo, ndiyo maana ya kuwa mama. Panjenengan ni la mtu wa nje. Mzazi akikupandisha hapo amekutoa ndani ya nyumba, amekuketisha barazani pamoja na wageni, na hakuna mlango wa kurudia.

"Mama, usiniite hivyo," Hargono akasema.

"Chai ya panjenengan imepoa," Mama akasema, kwa Kijava cha juu kabisa, kile cha kumpokea mkuu wa wilaya, kila neno limenyooshwa na kupigwa pasi. "Tunaomba radhi. Nyumba yetu ni duni, hatukujua kama tungetembelewa na mheshimiwa."

"Mama."

"Labda mheshimiwa ana haraka."

Nilimwona mume wangu, mtu wa miaka thelathini na minane, mdomo unamcheza kama wa mtoto wa darasa la kwanza aliyesahauliwa shuleni. Akakaa. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Hasira ilikuwa imemtoka yote, na nilimwonea huruma, na niliogopa zaidi kuliko nilivyoogopa mchana kutwa, kwa sababu sikuwa najua kwamba neno la juu linaweza kufanya vile.

Mama akageuka upande wangu, na Kijava chake kikashuka tena, kikawa kile cha kila siku cha kumwambia mkwe.

"Hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Kowe ni la kugombana sokoni. Mtu uliyelala naye miaka ishirini humshushi, ukimshusha bado ni wako, bado mnagombana. Unampandisha. Unampandisha mpaka awe hakujui."

Nilikuwa na wivu, Mungu anisamehe. Nimekaa miezi mitatu juu ya sentensi ile, na yeye aliitengeneza kwa pumzi moja.

"Mama uliijuaje?" Sumiyati akauliza. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Ilinijia siku ya tatu," Mama akasema. "Nilikuwa kisimani. Sahihi nilishaitia, karatasi ilishakwenda. Nikasimama pale na ndoo mkononi, nikaisema sentensi yote kisimani, vizuri, kama nilivyoisema sasa. Sikuwa na mtu wa kumwambia." Akaupapasa upepeo mapajani, hakuupepea. "Miaka ishirini na minane nimekaa nayo. Umeiandika?"

"Bado, Mama."

"Iandike. Kabla sijafa nayo."

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa mume wangu. Nikamnyooshea mkono juu ya meza, kiganja juu, na sikumwita kwa neno lolote, la juu wala la chini. Aliutazama mkono ule muda mrefu. Kisha akaitoa mfukoni, akanipa, nami nikaigeuza upande ambao haukuwa umeandikwa.